Mlango wa 287

Nyigu alimpata mjumbe wa pili wa magaidi nyuma ya karakana ya reli, akiparamia ukuta.

Hakufyatua risasi. Alimdaka mguu. Kiatu kikabaki mkononi mwake, mwenye kiatu akaanguka kifudifudi juu ya kokoto.

Ndani ya kiatu palikuwa na karatasi. Namba moja tu.

3731.

Alimfunga pingu, akainua redio ya Motorola. "Mkuu, nimempata. Tatu, saba, tatu, moja."

"Yule wa kwanza alikuwa na 8897," Mkuu alijibu. "Mpokeaji wao anahitaji zote mbili ili ajue afungue kontena lipi. Tumejumlisha, tumetoa, tumezidisha. Hatujapata kitu."

"Tukague moja moja."

"Mlinzi wao yumo ndani ya kontena hilo na mitungi ya gesi ya sumu. Akisikia msako, anafungua. Hapo yadi pana vibarua mia mbili. Utagonga mlango mmoja, Nyigu. Ukikosea, umewaua."

Alitazama Casio yake. Saa nne na dakika arobaini na tisa. Makontena yalikuwa mia tatu, na saa tano yangeanza kuondoka.

Akaitazama tena karatasi.

Ile saba ilikuwa imekatwa kiunoni kwa kistari kilicholala upande.

Mwandiko ule aliujua kabla hajajua kuandika jina lake. Ulikuwa wa kaka yake, mwalimu wa hesabu, aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Jioni alimkalisha mezani na chaki. "Kubwa igawe kwa ndogo," alimwambia. "Kisha ile ndogo igawe kwa baki. Usiache mpaka baki liwe sifuri. Namba uliyogawia mwisho ndiyo kigawo kikubwa cha shirika."

Nyigu alichuchumaa, akaandika kiganjani kwa Bic.

8897 kwa 3731: mara mbili, baki 1435.

3731 kwa 1435: mara mbili, baki 861.

1435 kwa 861: mara moja, baki 574.

861 kwa 574: mara moja, baki 287.

574 kwa 287: mara mbili. Baki sifuri.

287.

Alikimbia.

Kontena lilikuwa safu ya mwisho, komeo limeegeshwa tu. Alivuta mlango kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulishika Glock.

Kaka yake alikuwa amekaa juu ya kreti, barakoa ya gesi ikining'inia shingoni, mkono juu ya koki ya mtungi. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo, kaka." Lilimtoka lenyewe.

"Marahaba."

"Ungeweza kuificha namba kwa njia yoyote. Ulitaka nikuzuie?"

"Nilitaka ujue ni mimi." Hakupandisha sauti. "Miaka mitatu nimekaa korokoroni kwa kosa la mtu mwingine. Polisi wenzako waliponishika, walikuuliza kama unanifahamu. Ulisemaje?"

"Nilisema sikujui."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi."

Kaka yake alitikisa kichwa polepole, kama aliyesahihisha daftari na kukuta kosa lile lile.

"Na vibarua walio hapo nje," Nyigu aliuliza, "wao wamekukosea nini?"

Kaka yake alitazama nje mlangoni. Kisha akaondoa mkono kwenye koki, akanyoosha mikono yote miwili ifungwe.

"Mkuu, gesi iko salama. Mtu mmoja, yu hai."

"Kazi nzuri. Waliopanga haya, wageni wawili, wamenaswa uwanja wa ndege. Huyo ni nani? Unamfahamu?"

"Ni kaka yangu. Tumbo moja."

"Umechelewa, mdogo wangu," kaka yake alisema.

"Najua."

Askari walipofika aliwakabidhi, akarudisha Glock kiunoni, akaondoka kwa miguu katikati ya yadi. Kibarua mmoja mwenye mkokoteni wa magunia alimfokea apishe njia, watu wana kazi.

Nyigu akapisha.