Mlango wa Wanaoswali

Boksi la kwanza lilipofunguliwa, mashati yalikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, kwani mzigo ulikuwa umelala stoo tangu juzi, na sakafu ya stoo ile ilipoa kama mtungi. Lilikuwa joto la nguo iliyovuliwa mwilini sasa hivi.

"Dada, njoo ushike," mtunza stoo alimwita mkaguzi. Kazini alijulikana kama Babu Stoo, ingawa hakuwa na mvi hata moja, kwa jinsi alivyopenda kufoka. "Hawa wametuletea mashati, au wametuletea na wenyewe ndani?"

Mkaguzi akazamisha mkono katikati ya mashati, akautoa upesi. Harufu ikapanda ya mtu aliyelala na homa katika chumba kisicho na hewa.

"Funga," akasema.

"Nifunge? Na mzigo unatakiwa madukani kesho?"

"Funga, kaka yangu. Nakuomba."

Kazi ya mkaguzi ilikuwa kuzitembelea karakana zote zilizoishonea nguo kampuni yao, ahakikishe hakuna anayefanyishwa kazi kwa nguvu, aliyenyang'anywa pasi yake ya kusafiria, wala anayefungiwa. Kampuni ilikuwa na desturi ya kupiga simu kabla ya ukaguzi, kama mgeni anavyobisha hodi. Karakana iliyoshona mashati haya aliikuta imefagiliwa, na mwenye karakana alikuwa mzee mpole mwenye tasbihi mkononi. Walipofika mlango wa mwisho wa ujia, mzee alishusha sauti.

"Humo kina mama wanaswali, binti yangu."

Mkaguzi alivua viatu, akasimama kidogo kwa heshima, kisha akarudi alikotoka. Akaipitisha karakana ile, tena kwa sifa.

Alikuwa mjane mpya. Mumewe aliondoka ghafla, hata kuagana hawakuagana, na tangu hapo kilichomshikilia asianguke kilikuwa mswala wake. Kila baada ya swala alimtaja marehemu, akamwombea nuru kaburini, na moyo ukatulia mpaka swala nyingine.

Jioni ya siku ile ya mashati alisimama chumbani kwake kuswali magharibi. Alipotamka Allahu Akbar, kabati likabishwa kutoka ndani.

Ngo. Ngo. Ngo.

Lilibishwa polepole, kama na mtu asiyetarajia tena kufunguliwa. Akanyamaza, nalo likanyamaza. Akaanza upya, likaanza upya. Alijikaza akaendelea, akisoma kwa sauti ili aisikie sauti yake mwenyewe, akarukuu, akasujudu, na paji lake lilipogusa mswala akasikia chini ya sakafu cherehani ikienda, ikienda bila kupumzika, na juu ya shingo yake pumzi ya moto yenye harufu ile ile ya homa, karibu kabisa, kama mtu aliyesujudu naye bega kwa bega asiyeweza kuinuka, na alipotaka kumtaja mumewe ulimi ukawa jiwe, ukakataa, akabaki ameinama huku machozi yakimtoka.

Ikawa hivyo kila swala.

Alimwendea shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu, sheikh aliyewasomea watu waliosumbuliwa na majini.

"Shemeji, nirudishie swala yangu," alimwambia. "Nisipomwombea mdogo wako, nani atamwombea?"

Sheikh alimsikiliza hadi mwisho. "Kilikuja na mashati," akasema. "Twende kwenye mashati."

Walifika stoo mchana. Babu Stoo alikuwa amekaa mbali na mzigo, mgongo ukutani.

"Sheikh, ukimtoa mwambie asipite kwangu," alisema. "Nyumba yangu ndogo, na mama mkwe yupo."

Hakuna aliyecheka, hata yeye. Sheikh akaanza kusoma. Maboksi yakaanza kutanuka na kunywea, kutanuka na kunywea, kama vifua vya watu waliolala. Halafu Babu Stoo akainamisha kichwa, na kinywani mwake ikatoka sauti nyembamba, kavu, isiyo yake.

"Usinichome. Sikuja kwa vita."

"Wewe nani?"

"Mkazi wa chumba cha mwisho. Nilikaa pale kabla hapajajengwa."

"Mama huyu amekukosea nini?"

"Tuliviona vidole vya miguu yake chini ya mlango." Babu Stoo alitetemeka, sauti ikaendelea. "Kina mama walikuwa wameonywa: atakayepiga kelele, wote hawali. Mmoja alibisha. Hakuwa na nguvu ila ya kubisha mara tatu."

Mkaguzi akajishika mdomo. "Nilisikia," akanong'ona. "Nilidhani ni magoti ya mtu anayesujudu."

Sheikh akamgeukia taratibu. "Shemeji, mlango ule ulikuwa na kufuli?"

"Ulikuwa nayo."

"Kwa ndani?"

Aliiona tena, kubwa, nyeusi, usawa wa kifua chake alipoinuka kutoka kuvua viatu. "Kwa nje," akasema.

"Swala gani hiyo, shemeji, inayofungwa kwa nje?"

Sauti kinywani mwa Babu Stoo ikaanza kulia, kilio kama upepo kwenye ufa.

"Yule aliyebisha alikuwa akinisalimia kila alipoamka. Asalaam alaikum, ewe tusiyekuona. Hakuna binadamu aliyewahi kunisalimia. Homa imemchukua. Wamemfukia nyuma ya choo, usiku, hakuoshwa, hakuswaliwa. Mama huyu hataswali mpaka yule aswaliwe. Na fanyeni haraka, wengine wamo humo bado, na mwenye karakana anataka kuwahamisha."

Babu Stoo akaanguka kifudifudi. Alipozinduka aliomba maji tu.

Safari hii mkaguzi hakupiga simu. Aliuzuia mzigo, akaenda karakana na sheikh, afisa wa kazi na askari. Mzee alitoka mbio, tasbihi ikining'inia.

"Binti yangu, mbona hamkuniarifu? Kina mama wanaswali."

"Na sisi tumekuja kuswali, mzee," alimjibu. "Fungua."

Askari ndio waliofungua. Walitoka wanawake wakikinga macho kwa viganja, wembamba, miguu imevimba kwa kukaa. Ndani kulikuwa na cherehani, magodoro, ndoo moja, na dirisha lililozibwa kwa matofali. Mkaguzi aliwashika mikono mmoja mmoja, akisema "nisamehe, nisamehe," na mmoja wao, mkubwa kuliko wengine, akamwambia, "Usilie sasa, mwanangu. Twende tukuonyeshe alipo."

Nyuma ya choo udongo ulikuwa mbichi. Askari walizungusha kamba, wakasema usiguswe mpaka daktari aje. Kuswali hawakukataza.

"Jina lake nani?" sheikh aliuliza.

Wanawake wakatazamana. "Aliletwa wa mwisho," alisema yule mkubwa. "Lugha yake hakuna aliyeijua. Tulielewana kwa mikono. Humu tuliitwa kwa cherehani zetu, na yeye alikuwa Cherehani ya Dirishani."

"Mungu anamjua," sheikh akasema.

"Mungu anamjua," mkaguzi alijibu, "lakini mama yake ataambiwa na nani?"

Wakapanga safu ya swala ya maiti. Mkaguzi alisimama mwisho kabisa, kushoto kwake pakiwa patupu. Hakikubishwa kitu. Baada ya takbira ya nne, katika kile kimya kabla ya salamu, akasikia katika sikio lake la kushoto sauti nyembamba, kavu, ikitaja jina la mwanamke, kisha jina la mama yake, kisha mji. Alipotoa salamu na kugeuza uso upande ule, hapakuwa na mtu. Udongo tu ulikuwa umelowa matone, na jua lilikuwa kali.

"Andika," alimwambia askari, na akayataja yote matatu.

Siku hiyo, nyumbani, swala yake ilipita kama maji. Alimtaja mumewe akalia, na kilio kilikuwa kitamu kama dawa. Kisha akamtaja yule mwanamke, kama alivyojiapiza kumtaja kila siku ya maisha yake.

Kutoka kona ya chumba, penye giza, sauti nyembamba, kavu, ikaitikia, "Amin."