Misumari Minne ya Uwanja wa Mnada

Jumanne asubuhi Mwalimu alitoka kwenda kununua sabuni. Akafika getini, akafungua, akageuka, akarudi.

Mdogo wake alikuwa kibarazani, mguu juu ya pedali ya cherehani. "Umesahau nini tena, dada?"

"Sijasahau kitu. Nilikuwa natoka."

"Basi toka."

Mwalimu akaenda tena. Geti lilikwaruza, mguu wake wa kulia ukavuka. Lakini ulipotua, ulitua ndani, uso wake umeelekea nyumba na geti liko mgongoni. Hakuhisi kugeuka. Alijikuta tu anamtazama mdogo wake, na mdogo wake anacheka.

"Uzee huo, dada. Unakuja mbio kuliko ulivyoalikwa."

Mwalimu naye akacheka, kwa sababu hakujua la kufanya na uso wake. Sabuni akaenda kuinunua mdogo mtu.

Kisa chenyewe kilianza wiki moja kabla, dukani. Mwalimu alikuwa amefundisha historia miaka thelathini na moja, na alipostaafu hakutaka kufuga kuku kama wenzake. Alitaka kuchimba. Alitaka kushika kwa mkono wake sarafu na vifungo vya watu ambao maisha yake yote aliwasoma vitabuni. Ila bega lake la kulia lilikuwa limefanyiwa upasuaji, na daktari alimkataza kubeba kitu kizito. Ndiyo maana alisimama karibu saa nzima mbele ya ditekta mbili za kutafutia metali, akiinua hii, akishusha ile, akizipepea kulia na kushoto kama mtu anayefyeka majani, huku mdogo wake akipiga miayo.

Muuzaji hakumficha neno. "Hii nzito inachagua, mama. Ukiipanga vizuri, misumari na vizibo vya soda inavipita kimya, inalilia shaba na fedha. Hii nyepesi haifiki hata kilo moja, bega lako litakushukuru. Lakini haichagui. Msumari wa juzi na sarafu ya enzi za mababu, kwake vyote mlio mmoja. Utachimba takataka mpaka ukome."

"Chukua nzito," mdogo wake alisema. "Nitakusaidia kubeba."

"Na nguo za watu zitashonwa na nani? Bega ndilo linaloamua." Mwalimu akaipapasa ile nyepesi kwenye mpini. "Halafu takataka za watu wa kale ndiyo historia yenyewe."

Jumatatu akaenda nayo kwenye uwanja wa mnada wa zamani, nyuma ya ghala lililobomoka paa. Mwenye kiwanja alikuwa amempa ruhusa kwa moyo mkunjufu. Kufikia saa sita alikuwa na sarafu mbili zenye tundu katikati, bizimu ya mkanda na ufunguo uliooza. Bega lilikuwa kimya. Alijisikia msichana.

Karibu na ukuta wa ghala palikuwa na kipande cha ardhi kisichoota jani, ukubwa wa kitanda cha mtu mmoja. Ditekta ililia kwenye kona yake. Akachimba, akatoa msumari mrefu wa shibiri, wenye pande nne, uliofuliwa kwa mkono na kuviringishiwa uzi wa shaba shingoni. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Ditekta ikalia kona ya pili, kisha ya tatu. Alipoung'oa wa nne, tundu lilitoa pumzi. Hewa ya moto ilimpanda usoni, na harufu ya chuma chekundu kinapotumbukizwa majini. Akajiambia ni gesi ya ardhini. Akaifunga misumari kwenye kitambaa, akaenda nayo nyumbani, akaisugua kwa brashi na kuipanga juu ya meza ya chakula, moja, mbili, tatu, nne, kama anayesahihisha madaftari.

Sasa, baada ya lile la getini, hakukaa kulia. Alikuwa mwalimu. Mdogo wake alipoenda dukani alichukua ditekta, akavaa visikilizio, akaenda mpaka pale mguu wake ulipokataa. Ikalia. Akainua sahani ya mashine hadi kifuani, mahali palipokuwa na hewa tupu. Ikalia vilevile. Akaifuata sauti hatua kwa hatua, akachora kwa chaki ilipopita: kando ya ukuta, nyuma ya tangi la maji, kupita choo cha nje, mpaka ikarudi getini. Nyumba nzima ilikuwa imezungushiwa uzio usioonekana. Na ndani ya visikilizio, chini ya mlio wa mashine, alisikia nyayo. Mtu alikuwa anatembea peku juu ya mstari ule, polepole, bila kusimama.

Jumatano mstari wa chaki ulikuwa palepale, lakini mlio haukuwa juu yake. Ulikuwa umesogea mpaka ngazi za kibaraza.

"Dada, unanitisha," mdogo wake alinong'ona. Hakucheka tena. "Nipe mkono. Nitakutoa mwenyewe."

Akatangulia nje, akashuka ngazi, akamvuta kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Mwalimu aliona kiganja chake kinapita, kisha kifundo, kisha kiwiko, na kwa upande wa pili aliona jua linawaka juu ya kucha zake, akaanza kuamini, na hapohapo wote wawili wakawa sebuleni, wameshikana mikono, wametazama ndani, na mdogo wake bado anavuta kwa nguvu zote kuelekea ukutani kama mtu anayevuta ng'ombe.

Akaachia. Akaketi chini. "Mimi nimetoka," alisema. "Nimekanyaga mchanga kabisa. Tazama." Nyayo zake zilikuwa na mchanga.

Yeye alipojaribu peke yake alitoka bila shida. Kile kitu hakikuwa na haja naye.

Alhamisi mlio ulikuwa kwenye mlango na dirisha la chumba chake cha kulala. Kufikia alasiri ulikuwa umeingia ndani. Mwalimu hakuhitaji tena visikilizio, kwa sababu nyayo zilisikika waziwazi juu ya sakafu, zikizunguka, zikikata kona, na kila zilipopita nyuma ya kiti chake harufu ya chuma cha moto ilimgusa kisogoni, akawa anahesabu muda wa kila mzunguko bila kutaka, na kila alipohesabu alikuta mzunguko umekuwa mfupi kuliko uliopita. Jikoni hakuweza kufika tena. Mdogo wake alimletea uji na kumnywesha, akivuka ule mstari na kurudi, nywele za mikono zimemsimama.

"Kinataka nini?" Mwalimu aliuliza.

"Nitajuaje mimi, dada? Wewe ndiye uliyekileta."

Ijumaa alfajiri mdogo mtu alifunga ditekta kwenye shuka, akachukua na msumari mmoja, akaenda dukani. Muuzaji aliijaribu mashine kwa sarafu, akaijaribu kwa kijiko. "Ni nzima hii. Haina kosa lolote." Kisha akauona msumari, akarudisha mikono nyuma ya mgongo. "Huo umetoka wapi? Usiniwekee mezani, tafadhali. Nenda nao kwa Bi Fuawe."

Bi Fuawe alikuwa mhunzi, mwanamke mnene mwenye aproni ya ngozi, aliyerithi kiwanda cha baba yake pamoja na lile fuawe la kufulia vyuma lililompa jina. Aliutazama msumari, akakausha mikono, na hakuuliza bei wala jina.

"Iko mingapi?"

"Minne."

"Aliyeing'oa yuko hai?"

"Yuko hai. Hawezi kutoka."

"Hawezi, ndiyo. Baba alifua misumari hii kwa kazi moja tu, kumfungia jini mahali. Huyo amekaa humo miaka mingi amebanwa na vyuma vinne, hana nafasi ya kujigeuza. Sasa amepata nafasi, na mtu wa kumweka mahali pake." Alikuwa tayari anatia nyundo na patasi kwenye mfuko. "Chumba kikishakuwa kidogo kama kaburi, hatazunguka tena. Atamfunika."

Walipofika, Mwalimu alikuwa juu ya kitanda, amekunja miguu. Kule pembeni ya shuka ndiko nyayo zilikopita sasa, haraka, karibu kukimbia. Hewa ilikuwa imekauka mpaka midomo yake imepasuka. Tangu usiku, mguu wowote aliounyoosha ulirudi wenyewe kifuani.

Bi Fuawe alipiga magoti sakafuni na kutoboa saruji kwa patasi, matundu matatu kwenye kona za kitanda, la nne mbali kidogo, kizingitini mwa mlango wa chumba. Alizungumza bila kuinua kichwa.

"Sikiliza, Mwalimu. Mkono uliong'oa ndio utakaorudisha. Mitatu utaipigilia ukiwa hapohapo kitandani, kona tatu unazifikia. Kila ukizamisha mmoja, yeye atapungua mwendo. Wa tatu ukizama utakuwa na nafasi ya kutoka, fupi sana, na wa nne utaupigilia ukiwa nje ya mlango, yeye ndani. Na tangu nyundo ya kwanza mpaka ya mwisho, usitoe sauti. Hata uumie. Kitakachotoka mdomoni mwako kitabaki upande wake."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa ameanza kutii.

Alilala kifudifudi, akapokea nyundo na misumari mitatu kwa Bi Fuawe, akaning'iniza mkono wa kulia, akapiga. Bega liliwaka. Msumari wa kwanza ulizama na nyayo zikajikwaa. Wa pili ulizama na nyayo zikawa za mtu anayeburura mguu, na hapo Mwalimu aliona shuka linabonyea karibu na uso wake, vidole vitano, kisha vitano vingine, kama kuna aliyeinama kumtazama kwa karibu, na pumzi ya chuma cha moto ikamkausha macho, lakini alifunga meno, akageukia kona ya tatu, akapiga, akapiga, bega linalia ndani ya nyama kama kamba inayokatika uzi baada ya uzi, mpaka kichwa cha msumari kikalala sawa na saruji na nyayo zikasimama kabisa.

"Sasa!" mdogo wake alipiga kelele kutoka mlangoni.

Akashuka. Miguu ilimkubali. Hatua nne, tano, kizingiti, akaanguka nje mikononi mwa mdogo wake, akageuka, Bi Fuawe akamtegea msumari tunduni, naye Mwalimu akainua nyundo. Ndani ya chumba kitanda kililia kwa uzito wa mtu anayenyanyuka. Akapiga. Zikaanza tena zile nyayo, na safari hii hazikuzunguka, zilinyooka kumjia. Akapiga mara ya pili na kitu kikapasuka begani, maumivu yakampanda mpaka kwenye meno, na kabla hajajua amefanya nini, mdomo wake ulikuwa umefunguka.

"Mdogo wangu!"

Nyundo ya tatu aliipiga machozi yanamtoka. Msumari ukazama. Nyayo zikakatika hatua moja kutoka usoni pake. Harufu ikaisha kama mshumaa uliopulizwa.

Bi Fuawe alimtazama muda mrefu, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda. "Fungeni nyumba," alisema. "Leo hii. Asikae mtu humu, na hiyo misumari isiguswe." Akabeba mfuko wake, akatangulia barabarani.

Walikusanya nguo chache. Ilikuwa nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe, lakini Mwalimu hakuangalia nyuma. Alikwenda moja kwa moja getini, akavuka, na mguu wake ukatua nje, juu ya barabara, kwenye vumbi lenye alama za baiskeli. Alisimama hapo akitetemeka kwa furaha. Mdogo wake alibaki nyuma kufunga mlango mkubwa.

Ufunguo ulikuwa nusu ya mzunguko, na sauti ikatoka ndani.

"Mdogo wangu."

Ilikuwa sauti ya Mwalimu. Si ya kufanana nayo, yake hasa, yenye ule mkwaruzo wa miaka ya kufundisha.

"Mdogo wangu, mbona unanifungia? Niko huku. Huyo aliyetoka si mimi."

Mdogo mtu aliganda. Akageuza shingo taratibu, akamtazama dada yake aliyesimama nje ya geti na begi mkononi. Macho yake yalikuwa yanaomba neno moja tu.

Mwalimu akafungua mdomo kumwambia. Mimi hapa. Funga. Alisukuma pumzi kwa nguvu zake zote, na pumzi ikatoka tupu, bila hata mlio wa kikohozi. Akashika koo. Akatikisa kichwa, akapiga kifua chake kwa kiganja, akaelekeza kidole kwenye ufunguo, na kadiri alivyohangaika ndivyo alivyoona hofu inazidi usoni mwa mdogo wake.

"Usiniache," ile sauti ililia ndani. "Kuna giza."

Mdogo mtu alisimama kati ya mlango na geti. Kisha akafumba macho, akazungusha ufunguo mpaka mwisho, akaja mbio na kumpita dada yake bila kumgusa.

Hiyo ni miaka miwili sasa. Wanaishi pamoja katika vyumba viwili vya kupanga, juu ya duka la vitambaa. Madaktari watatu wamemmulika Mwalimu kooni na hawakuona jeraha. Bi Fuawe alisema kilichobaki ndani kimebaki, na atakayeing'oa misumari kukifuata atavitoa vyote viwili, sauti na jini. Mwalimu anaandika anachotaka kwenye daftari. Siku ya kwanza kabisa aliandika kurasa sita, utoto wao wote, kila siri ambayo dada peke yake angeijua, akamkabidhi. Mdogo wake alizisoma zote, akasema, "Najua ni wewe, dada," akamkumbatia.

Anamhudumia vizuri. Anampikia, anamfunga bandeji begani, anamshonea nguo mpya kila baada ya miezi michache. Lakini yeye hulala chumba cha pili, na kila jioni, baada ya kumtakia usiku mwema, Mwalimu humsikia anafunga mlango wa katikati kwa ufunguo, kutoka upande wa pili.