Mpimaimani Mlangoni kwa Wema

Mpimaimani aliingia Mtaa wa Mji Mpya asubuhi, miguu yake mitatu ikikwepa madimbwi kwa adabu, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Alikuwa mashine yenye kimo cha mtoto wa darasa la tatu, jicho moja pana na sauti ya mwalimu wa chekechea. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila duka la mtandaoni linaloomba kutangazwa ni duka kweli, la watu kweli, mahali kweli. Zama za maduka hewa, yaliyokula fedha za watu na kutoweka, zilikuwa zimepita, na hakuna aliyezililia.

Nyuma ya pazia, Wema Kobero alimchungulia. Duka lake la mbeleko lilikuwa limekataliwa mara mbili na Upeo, shirika lililoshika matangazo yote ya jiji la Morogoro. Mara ya kwanza ilikuwa picha: aliazima za duka jingine, ujinga mtupu, na aliujutia. Mara ya pili hakuwa na maelezo ya kurudisha bidhaa, wala namba ya simu inayopokelewa na binadamu. Yote hayo alikwisha kuyarekebisha. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini wahenga hawakuwahi kuuza kitu katika jiji ambalo kuta zake huongea na kila mpita njia. Humo, asiyetangazwa ni kama hayupo.

Na mbeleko zenyewe zilikuwa nzuri, jamani. Ndani ya kitambaa zilishonewa nyuzi-hisi zilizopima joto la mtoto mgongoni, na homa ikianza tu, pindo lilitetema begani mwa mama. Aliyezishona ni Tausi, mwanamke aliyefika kupanga chumba cha uani kwa Wema akiwa na binti yake mdogo, Jamila, na jicho lililofumba kwa kipigo. Mumewe alikuwa akimtafuta. Aliapa mbele za watu kwamba akimpata atammaliza, na waliomjua walisema huyo hatanii.

Mpimaimani alianza na Bi Chausiku, muuza vitumbua wa nyumba ya jirani.

"Shikamoo, mama. Unamfahamu Wema Kobero, mwenye duka la mbeleko?"

"Marahaba. Kobero?" Bi Chausiku aligeuza kitumbua bila haraka. "Hapa hakuna Kobero, mwanangu. Hapa tumejaa wastaafu wa reli tu."

Mashine ikavuka barabara hadi kwa fundi baiskeli, Mzee Ligazio.

"Wema? Huyo alihama zamani," mzee alisema bila kuinua macho. "Nasikia yuko Zambia."

Tangu Tausi afike, mtaa mzima ulikuwa umekubaliana bila kikao kwamba mgeni yeyote akiulizia nyumba ile, wao hawajui kitu. Na mgeni ni mgeni, awe na miguu miwili au mitatu. Wema alitoka mbio, kanga moja begani.

"Bi Chausiku, mnanimaliza!"

"Si tunakuficha?"

"Huyu ni wa kuambiwa ukweli!"

"Sasa mimi nitajuaje? Mngetuambia mapema nani wa kudanganywa na nani si wa kudanganywa."

Mpimaimani aliwasogelea. "Majibu yanapingana," alisema. "Hata hivyo, mwenye duka amepatikana, na mahali pamepatikana. Limebaki sharti moja. Bidhaa inayogusa mwili wa mtoto, fundi wake lazima aonekane dukani kwa uso na kwa jina. Nani anashona?"

"Mimi," Wema alidakia.

Mkono mwembamba ulichomoza kifuani mwa mashine, umeshika sindano na kipande cha kitambaa. "Tafadhali, nishonee kidogo."

Wema alijaribu. Alijichoma, uzi ukamkatikia, akajichoma tena. Lile jicho lilimtazama bila hasira yoyote, na hilo likamuumiza zaidi.

"Haya, fundi ni mwingine," alikiri. "Lakini jina lake lisiwekwe hadharani. Kuna mtu anamtafuta."

"Kinachofichwa hakiaminiki. Ninatambua sababu mbili za kuficha jina: fundi ni mtoto mdogo, au fundi ni marehemu."

"Na kama hataki kuwa marehemu?"

"Sikuelewa swali."

"Basi nenda," Wema alisema. "Lifungeni hilo duka."

"Dada, usimfukuze." Tausi alikuwa amesimama mlangoni.

"Tausi, rudi ndani!"

"Nirudi ndani mpaka lini? Duka likifa, mimi na Jamila tutakula nini? Tutakimbilia kwa nani tena? Mficha uchi hazai, dada." Akapokea sindano. Akashona mstari mnyoofu bila kujichoma hata mara moja.

Wema angeweza kumzuia. Hakumzuia. Moyoni alifurahi kwamba duka limepona, na furaha hiyo ikamtia aibu.

Kufikia adhuhuri, duka lilikuwa limepewa alama ya kijani, na uso wa Tausi ulitabasamu kwenye kuta za jiji zima, kuanzia sokoni hadi stendi: fundi halisi, mahali halisi. Oda zilimiminika. Bi Chausiku alipiga vigelegele. Wema peke yake ndiye aliyeshtuka kila ujumbe ulipolia. Upeo walikuwa wamemwekea mjibuji, akili-bandia inayomjibu mteja papo hapo na kwa ukweli mtupu, kwa kuwa duka linalochelewa kujibu, au linalojibu uongo, hunyang'anywa alama yake.

Alasiri, swali jipya liliwaka kwenye kioo cha simu.

"Fundi huyu yupo dukani leo? Nataka kuja mwenyewe. Mwambieni ni baba Jamila."

Jina la mtoto halikuandikwa popote katika duka lile. Wema alirusha mkono kulifuta swali, lakini mjibuji alikuwa ameshaanza, kwa sauti changamfu:

"Ndiyo, baba Jamila, yupo. Karibu sana! Kutoka ulipo sasa ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Pita nyuma ya msikiti, mlango wa bluu."

Katika chumba cha uani, cherehani ilikuwa ikinguruma, na Tausi alikuwa akiimba. Wema hakuwahi kumsikia akiimba.

"Mteja anasemaje, dada?" Tausi aliuliza.

"Mchukue mtoto," Wema alisema. "Acha kila kitu. Mchukue mtoto tu, twende."