Viti Sita vya Mama Safi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana aitwaye Sikujua alifagia ua wa nyumba yao mtaani Kabondo, akikusanya maganda ya kekele. Kekele ni mmea wa msituni unaotambaa kama kamba, na baba yake, Papa Amuri, aliutumia kutengeneza viti. Mchana Papa Amuri alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali. Jioni alivua abakosi, koti lake la ofisini, akaketi uani na kisu, akasuka huku akipiga mluzi.

Mshahara wa ofisi ulikuwa mdogo, tena ulichelewa. Kwa hiyo Papa Amuri alikuwa na mpango, na watu wote wa nyumbani waliujua. Angeacha kazi ya ofisi siku ambayo viti vingekuwa vimelisha nyumba mwaka mzima, bila mshahara kuguswa. Mshahara ulipofika, uliwekwa akiba kwa siku ngumu. Miezi tisa ilikuwa imepita. Sikujua, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, aliingoja ile mitatu iliyobaki kama mtoto anayengoja sikukuu.

Ndipo Mama Safi, mwenye mgahawa karibu na bandari, akaagiza viti sita. Vikimpendeza, alisema, ataagiza vingine ishirini na vinne. Papa Amuri alikunja kekele mbichi, akazifunga kwa kamba ili zikauke katika umbo la viti. Wiki hiyo hiyo ofisi ikamtuma hadi mji wa Basoko kwa mashua. Alimwagiza Sikujua asifungue kamba kabla ya siku kumi, kwa sababu ilikuwa majira ya mvua. Kisha mama angesuka mahali pa kukalia.

Siku ya tano Sikujua alizifungua. Aliona kwamba vile ishirini na vinne vikiagizwa upesi, huenda baba asingoje mwaka utimie. Mama aliporudi kutoka sokoni, Sikujua alimwambia kwamba vimekauka. Mama akamwamini, akasuka, wakavipeleka.

Papa Amuri aliporudi alifurahi kusikia kazi imekwisha. Lakini baada ya wiki mbili Mama Safi alivirudisha vyote sita. Miguu ilikuwa imepinda, na mteja mmoja alikuwa ameanguka na sahani yake ya samaki. Papa Amuri alivigeuza kimoja kimoja.

"Huyu mzee Zuberi ameniuzia kekele mbovu," alimwambia mkewe. "Bon, sitanunua tena kwake."

Sikujua alimjua mzee Zuberi. Alikuwa akileta kekele kwa baiskeli kutoka mbali, na hakuwa na kosa lolote. Msichana alisogea karibu na baba yake.

"Papa, kekele ya mzee haina kosa. Mimi nilifungua kamba siku ya tano, na nikamudanganya mama."

Papa Amuri alimwambia alete kisu. Walivunja viti vyote sita, wakaanza upya. Mwezi ule hawakuuza kitu, wakala kwa akiba ya mshahara, na hesabu ya mwaka ikarudi mwanzo. Sikujua alilia, akamwomba mama yake msamaha. Tangu siku hiyo, kila akitoka shule alikaa na baba yake, akajifunza kukunja, kufunga na kungoja.

Viti vipya vilikaa imara. Mama Safi aliagiza vile ishirini na vinne, na mgahawa mwingine ukamfuata. Mwaka ulipotimia bila mshahara kuguswa, Papa Amuri alipeleka ofisini barua yake ya kuacha kazi, akaagana na wenzake vizuri. Jumapili mama alipika kuku na pondu, mboga ya majani ya muhogo, majirani wakaja, na mzee Zuberi alicheza kuliko vijana wote.

Katikati ya karamu Papa Amuri alimwita binti yake.

"Mutoto wangu, ningeacha ofisi mapema, vile viti sita vingetulaza njaa," alisema. "Akiba ilitulisha, na ukweli wako ulituonyesha kosa iko wapi. Mutu anayetaka kujitegemea afanye kazi yake kwa uaminifu, aweke akiba, na asikimbilie siku ambayo haijafika."

Sikujua aliitika. Kisha baba akamshika mkono, wakaingia pamoja kwenye ngoma.