Aliyebisha Dirishani kwa Kucha

Umewahi kujikuna, ukaacha, halafu ukasikia ukuta unaendelea?

Hilo ndilo lililompata fundi cherehani mmoja mwenye mimba ya miezi minane, alasiri moja akiwa ameketi kitandani na kitambaa cha maji baridi tumboni. Kwaru, kwaru, kwaru. Akainua mikono yote miwili juu ili ahakikishe si yeye. Ukuta ukamalizia: kwaru.

"Panya hao," alisema mama mkwe kutoka sebuleni, kabla hajaulizwa.

Mama mkwe alikuwa na jibu la kila kitu. Vipele vya tumboni? Mtoto ana nywele nyingi, zinamchoma mama. Usingizi hauji? Wajawazito wa siku hizi wanadeka. Fundi alikuwa amefanya yote: amekata kucha, amevaa gauni la pamba lililopwaya, ameoga maji ya uvuguvugu, amejipaka losheni mpaka akafanana na nyumba iliyopigwa chokaa nusu. Vipele vikapoa. Kisha mwasho ukahama, ukaingia mahali pasipo na kipele hata kimoja: viganja na nyayo. Sindano ikawa haishikiki, na nguo za wateja zikatoka na mishono iliyolewa.

"Nipeleke nikapimwe damu," alimwambia mumewe. "Viganja na nyayo kuwasha bila kipele huenda ni ini, na mtoto anaweza kudhurika."

Mume alikuwa karani wa kliniki ya wajawazito, yule anayegawa namba dirishani na kuamua nani amuone mkunga leo na nani arudi wiki ijayo. Mtaani walimwita Bwana Dirisha, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

"Mama kijacho, kuwashwa si ugonjwa. Unajua nawaona wangapi kwa siku?"

"Unawaona. Huwapimi."

"Haya, daktari."

Akaenda zake na kadi ya kliniki ya mkewe mfukoni, eti nyumbani itapotea. Nyumba yenyewe haijawahi kupoteza hata kifungo.

Tangu siku hiyo, kila ilipogonga saa kumi kamili, saa ya kliniki kufunga, chumba kilijaa harufu ya dawa ya kusugulia sakafu za wodi, na chini yake harufu nyingine, ya maji ya maua yaliyosahauliwa chomboni. Kisha kucha zikaanza kubisha kwenye kioo cha dirisha. Hazikuwa na papara; zilibisha kwa adabu, kama za mtu aliyezoea kuambiwa asubiri. Siku ya nne fundi alivuta pazia, na nje hakukuwa na mtu, ila kwenye kioo palikuwa na viganja viwili vyekundu vilivyochubuka, vimebandikwa bila mikono, vikijisugua juu chini, juu chini, na kila viliposhuka nyayo zake mwenyewe ziliwaka moto, na kila vilipopanda tumbo lilikaza, na alipotaka kupiga kelele alikuta ameshaanza kusugua viganja vyake kwenye kioo upande wa ndani, sambamba na vile, kwa mwendo uleule.

Mama mkwe aliingia na beseni. Beseni likaanguka.

"Si panya," alinong'ona.

"Mama, mtoto hajacheza tangu asubuhi."

Mama mkwe akamwita mganga wa kienyeji, naye akaja na kikohozi chake na mkoba mmoja. Mume naye aliitwa, akaja amenuna. Ubani haukuwa hata umeshika moto sawasawa pale mdomo wa fundi ulipofunguka wenyewe, naye akasikia sauti ikipita kooni mwake kama mgeni anayepita ukumbini bila hodi.

"Nataka namba."

"Namba gani, mama?" mganga aliuliza polepole.

"Ya kumuona mkunga. Viganja viliniwasha. Nyayo ziliniwasha. Nilikufa na wangu tumboni, na mkunga akaambiwa sikufika."

Mganga akamgeukia mume. "Alifika?"

"Simjui. Kwenye daftari hayumo."

"Sijauliza daftari, baba."

Fundi alimtazama mumewe kupitia macho aliyokuwa akiyagawana na mwingine, na akaelewa kila kitu kwa uchungu uliozidi mwasho. Mkunga angeviona viganja hivi, angeshtuka, angeuliza kama kuna mwingine aliyewahi kuja na dalili hizi. Ndiyo maana kadi ilikuwa mfukoni. Mtoto wake alikuwa amewekwa rehani ili baba yake asiulizwe swali.

"Sema," alisema, na safari hii sauti ilikuwa yake. "Kama kuna mwanao humu ndani, sema."

"Mke wangu, hizi ni imani za..."

Kucha zikaanza tena, sasa ndani ya chumba, ndani ya kabati, chini ya kitanda, chini ya ngozi ya tumbo lake, ambapo mistari mitano myekundu ilichomoza ikitambaa kuelekea kitovuni mbele ya macho yao wote.

"Huyu mimi simtoi," mganga alisema akifunga mkoba. "Tafuteni gari la hospitali sasa hivi. Na wewe, baba, kila unaponyamaza anazidi kumshukia mtoto."

Mama mkwe, mwenye jibu la kila kitu, alimshika mwanawe kola akamgeuza amtazame mkewe.

"Alikuja," mume alisema. Kucha zikatulia, zinasikiliza. "Alikuja mara tatu. Mara ya tatu alikuwa ameshikilia ukuta. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini, mkunga yupo, hana mtu. Nikamwambia keshaondoka. Nilitaka kuwahi mpira."