Bi Mwanapili Ahamia Jadida

Kila asubuhi pale Tumbe, kisiwani Pemba, Bi Mwanapili alikuwa wa kwanza kuamka. Alisali, akawasha moto, akateleka chai ya mdalasini. Kisha alifagia uwanja wake kutoka mlangoni mpaka njiani. Wachuuzi wa samaki walipopita na baiskeli zao, aliwajua kwa kengele tu.

"Sabalkheri, Bi Mwanapili!"

"Sabalkheri, mwanangu. Leo pweza yupo?"

Katika nyumba ile aliolewa, akazaa, akafiwa na mume. Sasa alikaa na mwanawe Haidar, mke wa Haidar aitwaye Asma, na wajukuu. Haidar naye ni mchuuzi wa samaki, ila yeye ana pikipiki. Ni mtu mwema, lakini haraka yake haina dawa. Hata chai huinywa amesimama.

Kwa miaka mingi Haidar alikuwa akijenga nyumba Jadida, mjini Wete. Nyumba ya Tumbe ilikuwa imechoka. Kila masika ukuta ulimeguka kidogo. Tena Bi Mwanapili ana maradhi ya presha, na kliniki yake iko Wete. Kila akienda hurudi hoi. Basi nyumba mpya ilipokwisha kuezekwa, Haidar alimwambia mama yake kwamba wakati wa kuhama umefika.

Bi Mwanapili hakukataa. Wala hakukubali. Alisema tu, "Tutaona, inshaallah," akaendelea kuchagua mchele.

Haidar yeye alisikia ndiyo. Siku ile ile alikwenda kwa Kificho, dereva wa gari ya mizigo, wakapatana aje Jumamosi.

Alhamisi, Bi Mwanapili alikwenda Konde kumtazama mgonjwa. Haidar akaona amepata nafasi.

"Asma, leo tufunge vitu vyote," alisema. "Mama akirudi akute kazi imekwisha."

"Si tumngoje mwenyewe?" Asma aliuliza.

"Mama akiwapo hatufungi kitu! Kila kikombe kina hadithi yake. Kawa hili la kufunikia chakula kasuka fulani, sinia lile lililiwa harusi ya fulani. Tutafika Ramadhani tungali hapa."

Asma alicheka, lakini roho yake haikutulia. Akenda zake jikoni, nje, kupika. Haidar akabaki ndani peke yake, akaanza kufunga.

Laiti ungemwona! Mchele aliutia gunia moja na chupa ya mafuta ya taa. Viatu alivitia ndani ya masufuria. Sahani za udongo alizipanga ndani ya ndoo, moja juu ya moja, bila kitu katikati. Vitabu vyote vya watoto alivijaza kwenye boksi kubwa, na alipolinyanyua, tako la boksi likabaki chini. Dawa za presha za mama yake zilipotelea kusikojulikana.

Zikabaki bilauri. Haidar alitafuta kitambaa cha kuzifungia. Akafungua sanduku la mama yake, ambalo halikufungwa kwa ufunguo. Chini kabisa, chini ya doti za kanga, alikuta kitambaa cheupe kirefu, kipya, kinanukia udi. Akadhani ni bafta iliyobaki kwenye mapazia. Akakipasua vipande vipande, na kila bilauri akaivika kipande chake.

Alasiri Bi Mwanapili alirudi. Alisimama mlangoni akatazama chumba. Kuta zilikuwa tupu. Mabunda yalijaa sakafuni. Kisha macho yake yakatua kwenye bilauri.

"Vitambaa hivi vyeupe umevitoa wapi?" aliuliza polepole.

"Kwenye sanduku lako, mama. Si vya mapazia vile?"

Bi Mwanapili alikaa chini pale pale. Akachukua bilauri moja, akaifungua.

"Hii ndo sanda yangu, Haidar," alisema. "Tulichuma karafuu msimu mzima, mie na dada'angu Rahma. Tukanunua bafta moja, tukaikata nusu kwa nusu. Rahma kashalala na yake. Na yangu ndo hii, ishavikwa bilauri."

Asma, aliyekuwa amesimama na upawa mkononi, alianza kulia.

"Nyie nendeni Jadida," Bi Mwanapili alisema. "Mie siendi. Mtu hahamishwi kama gunia la mbata."

Haidar alimwomba radhi. Mama yake akachukua bilauri nyingine, akaifungua. Asma akavaa buibui lake, akenda mbio kwa jirani yao Bi Ummkulthum.

Bi Ummkulthum ni mwalimu mstaafu. Enzi zake serikali ilimhamisha Pemba nzima: leo Mkoani, kesho Kengeja, mwaka unaofuata Micheweni. Kuhama alikujua kama anavyojua kupika. Alipofika hakuuliza habari ya sanda kwanza.

"Dawa zake za jioni ziko wapi?" aliuliza.

Haidar alitazama mabunda. Hakujua. Basi wote watatu wakaanza kufungua mafundo, moja baada ya jingine, mpaka magoti ya Haidar yakamuuma. Dawa zilikutwa ndani ya pazia lililokunjwa, chini ya gunia la mchele. Mchele wenyewe ulikuwa umekwisha nuka mafuta ya taa.

Bi Mwanapili alimeza dawa yake. Bi Ummkulthum akakaa karibu naye mkekani.

"Bi Mwanapili, kwenda au kutokwenda, hilo la kwako," alisema. "Sikulazimishi mie. Lakini vitu vyako vimevurugika, na anayevijua ni weye. Kesho keti hapa utuamrishe, sisi tufanye. Wasemaje?"

Bi Mwanapili alifikiri. "Vitu vyangu sitaki vikae hivi," alisema. "Haya, njooni."

Siku ya pili walimwomba Kificho asije Jumamosi, aje Jumatatu. Kificho hakuwa na neno. Kisha Bi Ummkulthum alifungua darasa, akasahau kabisa kwamba amestaafu.

"Haidar, kosa lako la kwanza si sanda," alisema. "Umefunga vitu na mwenyewe hayupo. Kabla ya kufunga, huchagua. Na anayechagua ni mwenye kitu."

Basi walichagua. Vya kwenda Jadida viliwekwa upande wa kibla. Vya watu viliwekwa karibu na mlango. Vilivyokwisha kazi viliwekwa uwanjani. Bi Mwanapili alikaa juu ya kibao, na kila kitu kilipita mbele yake.

"Sinia hili?" aliuliza Asma.

"Hilo la kina Mwanawema. Tuliliazima siku ya hitima ya baba'ake Haidar. Lirudishwe."

"Na chungu hiki kilichopasuka?"

Bi Mwanapili alikishika, akakizungusha. "Hiki ndo nilichompikia babaako uji, Haidar, alipokuwa hawezi. Alikuwa hakubali uji wa sufuria, ati wanuka bati." Akacheka kidogo, machozi yakamlenga. "Kiweke uwanjani. Kimekwisha kazi yake, na mwenyewe pia kashakwenda."

Haidar alitaka kusema wafanye haraka. Bi Ummkulthum akamwahi.

"Mwache asimulie. Masikio yasikilize, mikono ifunge. Kwani mdomo wa mamaako umekushika mikono?"

Haidar akainama, akafunga. Na kweli, kazi ilikwenda. Mengine aliyoyasikia siku ile hakuwahi kuyajua, na yeye ni mtoto wa nyumba ile. Hakujua kwamba mlango wa mbele aliuchonga babu yake kwa mti uliong'olewa na tufani. Hakujua kwamba yeye mwenyewe alizaliwa katika chumba alichokuwa akikitumia kuwekea matenga. Moyo wake ulimuuma kuona alikaribia kuviacha vyote hivyo bila kuuliza habari zake.

Bi Ummkulthum aliendelea kuwaonyesha.

"Kizito hutiwa boksi dogo. Chepesi ndo hutiwa boksi kubwa. Vitabu na masufuria, boksi dogo. Mito na nguo, boksi kubwa. Hapo tako la boksi halitoki."

"Na sahani?" Asma aliuliza.

"Sahani hazilazwi. Husimamishwa ubavu, kama madaftari kabatini. Katikati weka kanga kuukuu au majani makavu ya mgomba. Bilauri zitie ndani ya soksi za watoto. Nguo mnazo tele, ya nini kutafuta kitambaa?"

Haidar aliinamisha kichwa. Bi Ummkulthum hakumwonea huruma hata kidogo.

"Mafuta ya taa na sabuni visikae na chakula hata kwa dakika moja. Mtungi wa gesi ufungwe vizuri, usafiri umesimama. Na vitu mnavyovitumia kila siku msivifunge leo. Anzeni na vya shughuli, vya sikukuu, vya juu ya kabati. Jiko liwe la mwisho."

"Tukifika tutajuaje kipi kiko wapi?" Haidar aliuliza. "Maboksi yote yamefanana."

"Asma ataandika juu ya kila boksi: jikoni, chumba cha watoto, chumba cha mama."

"Mie kusoma sijui," alisema Bi Mwanapili. "Lakini rangi naziona."

Akaomba mkasi. Akatoa kanga zake tatu zilizochakaa, akazikata tepe ndefu. Tepe za buluu za jikoni. Nyekundu za chumba chake. Kijani za chumba cha watoto. Kila boksi likafungwa utepe wake. Bi Ummkulthum alisimama akatazama, akatikisa kichwa.

"Miaka yote ninahama, hili sikulijua," alisema. "Umenifundisha, Bi Mwanapili."

Baada ya sala ya Ijumaa, Haidar alipanda pikipiki bila kuaga. Aliporudi alikuwa na bafta mpya kifuani. Alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, najua hii siyo ile," alisema. "Ile ya mama mkubwa Rahma sina pa kuipata. Nisamehe."

Bi Mwanapili aliichukua. Kisha alitoa ile ya zamani. Kumbe Haidar hakuimaliza yote. Nusu ilikuwa nzima. Alizipima kwa mkono, akaziweka pamoja.

"Inatosha," alisema. "Nusu yetu mie na Rahma, nusu ya mwanangu. Nshakusamehe, babaangu." Kisha akamtazama kwa jicho kali. "Lakini huko kaburini nako usinipeleke mbio. Nina kazi ya kufunga."

Haidar alicheka na kulia kwa pamoja. Asma akaikunja sanda yote, akairudisha chini ya sanduku. Safari hii ufunguo aliushika Bi Mwanapili mwenyewe.

Jumamosi na Jumapili Bi Mwanapili alirudisha vitu vya watu. Alikwenda mwenyewe kila nyumba, na sinia, au mkeka, au mbuzi ya kukunia nazi. Kila nyumba alikaa, akanywa chai, akaomba radhi. Na kila nyumba alipewa chake alichokisahau. Kwa kina Mwanawema alirudishiwa buli lake. Alikuwa amelitafuta mpaka akakata tamaa. Wanawake walilia. Naye alilia. Lakini alirudi nyumbani na moyo mwepesi, kwa sababu hakuwa na deni na mtu.

Jumapili jioni alikaa kizingitini kutazama uwanja wake. Haidar alikuja, akakaa karibu naye. Aliogopa kuuliza.

"Huyo Kificho," Bi Mwanapili alisema, "mwambie aje na turubai. Mvua ya masika haina adabu."

Haidar alimwita Asma kwa furaha, kwa sauti iliyosikika hadi msikitini.

Usiku huo Bi Ummkulthum alileta mkoba. "Huu haupandi garini," alisema. "Huu hushikwa mkononi. Tieni dawa, vyeti vya watoto, hati ya kiwanja, fedha, taa ya tochi, kiberiti, chai, sukari, mkate, na kanga moja kwa kila mtu. Mkichelewa kufungua maboksi, hamtolala na njaa."

Jumatatu Kificho alifika. Walipanga kabati na vitanda mbele, karibu na dereva. Maboksi mazito yakakaa chini, mepesi juu. Magodoro yakasimamishwa ubavuni. Turubai likatandazwa juu, kamba ikakazwa. Bi Mwanapili alifagia uwanja kutoka mlangoni mpaka njiani, ingawa nyumba ilikuwa tupu. Akampa ufagio Bi Ummkulthum, wakakumbatiana.

Mvua iliwakuta njiani, lakini hakuna kilicholowa. Walipofika Jadida, hakuna aliyeuliza boksi hili la wapi. Buluu ilikwenda jikoni. Kijani ilikwenda kwa watoto. Hata sahani moja haikuvunjika. Chai ilichemka kabla jirani wa kwanza hajapiga hodi.

Kikabaki kitanda cha Bi Mwanapili. Haidar na Kificho walikibeba mpaka chumbani. Haidar alitaka kukiweka dirishani, kwenye upepo. Kisha akasimama, kitanda kingali mikononi.

"Mama, wataka kikae wapi?"

Bi Mwanapili aliingia. Alizunguka chumba kizima. Aligusa ukuta. Alichungulia dirishani. Akarudi katikati. Kitanda kilikuwa kizito, lakini Haidar hakumharakisha.

"Hapa," alisema Bi Mwanapili mwishowe. "Kikabili mlango, nimwone anayeingia."

Wakakiweka. Bi Mwanapili akatazama sakafu mpya, iliyokuwa imejaa nyayo za tope.

"Na weye Haidar, hebu toka! Vua viatu nje!" alifoka. "Wanichafulia nyumba yangu!"

Haidar alitoka mbio kuvua viatu. Alikuwa hajapata kufurahi namna ile kwa kufokewa.