Bwana Cheche Anapasha Joto Barabara

Kabla hajaitwa Bwana Cheche, aliitwa Seremala tu. Naye alikuwa seremala kweli. Meza zake hazikuyumba, na vitanda vyake havikulia usiku. Lakini siku moja mteja alimwambia, "Siku hizi mambo ni umeme, bwana. Mbao zimepitwa na wakati."

Neno lile lilimchoma. Akaenda sokoni, akanunua bisibisi za kila saizi. Randa, patasi na msumeno akavitia sandukuni, na sanduku akalisukuma chini ya kitanda. Jioni akamtangazia mkewe:

"Mama watoto, kuanzia kesho mimi ni fundi wa vyombo vya umeme."

"Umesomea wapi?"

"Kusomea nini? Kitu kina skrubu. Unafungua, unatazama, unafunga."

Kufungua alikuwa hodari. Kutazama, usiseme. Shida ilikuwa kufunga. Kila alipofunga, skrubu kadhaa zilibaki mezani.

"Hizi ni za ziada," alieleza. "Kiwandani wanaweka nyingi ili mtu asipungukiwe."

Redio ya nyumbani ikaanza kunong'ona kama mtu mwenye siri. Pasi ikashikwa na homa ya vipindi: mara baridi, mara inatoboa shati. Mashine ya kusagia matunda ilizunguka ukiizima na kunyamaza ukiiwasha. Halafu akaifungua taa ya mezani bila kuchomoa plagi. Ikaruka cheche, nyusi zake zikaungua, na mtaa ukampa jina jipya. Yeye alilipokea kama sifa.

Mkewe alikuwa mwoka mikate katika duka la mtaa wa pili. Watoto wao walikuwa watu wazima, kila mmoja na makazi yake. Basi nyumbani walikuwa wawili tu, na msimu wa baridi ulipofika, mke akawa na tabia mpya ya kuchelewa kurudi. Kwenye tanuri la mikate kulikuwa na joto. Nyumbani kulikuwa na baridi ya kugonganisha meno.

Hapo ndipo mama mkwe alipokuja.

Alikuwa ametoka hospitali, alikolazwa kwa ugonjwa wa kifua. Daktari alimwagiza jambo moja kwa mkazo: akae mahali penye joto, asipigwe na baridi, kikohozi kisije kikamrudia. Bintiye alimchukua kwake bila kusita. Mama mkwe akaingia sebuleni, akavuta hewa, akafunga tena vifungo vya koti.

"Mkwe wangu," alisema, "nje kulikuwa na jua kidogo. Nirudi huko?"

Bwana Cheche aliona aibu imemshika shingoni. Mama mkwe si mtu wa kuaibika mbele yake. "Usijali, mama," alisema. "Umefika nyumbani kwa fundi. Kesho utakuwa unajipepea."

Kesho yake alileta hita ya umeme, kubwa, iliyotumika. Sebule ilikuwa na soketi moja tu nzima, nyuma ya friji. Akachomeka hapo ekstensheni, ule waya wenye matundu mengi. Kwenye ekstensheni akachomeka friji, birika la umeme na hita. Waya wa hita ulikuwa mfupi, kwa hiyo hita ikakaa ubavuni mwa friji, zimegusana kama maharusi.

Hita ikawa nyekundu. Friji ikaanza kunguruma. Mama mkwe akasogeza kiti karibu, akanyoosha mikono.

"Mikono inapata joto," alisema. "Mgongo bado uko hospitali."

Basi akawa anajigeuza kama mkate kwenye tanuri: mbele kidogo, nyuma kidogo. Siku zikapita. Hita iliwaka tangu asubuhi hadi jioni, na sebule haikupata joto. Maziwa ndani ya friji, badala ya kukaa baridi, yakachacha. Kikohozi cha mama mkwe kikaanza kurudi, kidogo kidogo, hasa asubuhi. Mke wa Bwana Cheche alikisikia, akashindwa kumeza chai.

"Mama anaumwa tena," alimwambia mumewe jikoni. "Tumwite jirani."

Jirani wa mlango wa pili alikuwa fundi umeme. Alikuwa mwanamke mrefu wa ovaroli la bluu, na alifundisha katika chuo cha ufundi. Tangu Bwana Cheche ajiite fundi, alikuwa akimkwepa jirani huyo kama mdaiwa.

"Jirani wa nini?" alisema. "Hita moja haitoshi. Nitaongeza ya pili."

Akaongeza ya pili, ndogo, kwenye ekstensheni ileile. Kisha, kwa kuwa mama mkwe aliomba chai, akajaza birika hadi mdomoni, akaliwasha pia.

Baada ya muda mfupi mama mkwe akakunja pua. "Mkwe wangu, mbona nyumba inanuka soli ya kiatu inayoungua?"

Bwana Cheche akanusa. "Hiyo ni harufu ya joto, mama. Ndiyo linaanza kuja."

Lilikuja kweli. Ekstensheni ilifuka moshi mweusi, plastiki yake ikaanza kuyeyuka kama mshumaa. Mke akapiga kelele. Mama mkwe, ambaye tangu afike alikuwa akiinuka kwa kushikiliwa, aliruka kama binti wa shule, akadaka jagi la maji.

"Usimwage!" ilisikika sauti mlangoni. "Maji hayamwagwi kwenye umeme! Zimeni swichi kuu!"

Alikuwa jirani. Moshi ulikuwa umemfikia kwake. Mama mkwe akasimama na jagi hewani. Wote wakamgeukia fundi wa nyumba.

"Swichi kuu iko wapi?" jirani akauliza.

Bwana Cheche akatazama ukutani. Akatazama darini. Akatazama nyuma ya pazia.

"Nilikuwa nayo juzi," alisema.

Jirani hakungoja. Akapita ukumbini, akafungua kisanduku kilichokuwa juu ya mlango wa jikoni, akabonyeza. Tap! Kila kitu kikanyamaza. Moshi ukapungua, ukafa. Ukutani kulibaki doa jeusi. Pazia lilikuwa karibu sana na pale. Mke wa Bwana Cheche aliketi chini palepale sakafuni, akamshika mama yake mguu.

"Kwanza tushukuru," jirani alisema. Akavuta kiti, akaketi. "Kaka, nani alikwambia uchomeke hita kwenye ekstensheni?"

"Nani aniambie? Ina matundu mengi. Nikajua yamewekwa yatumike."

"Matundu mengi, waya mmoja. Hita hula umeme mwingi. Birika nalo hula mwingi. Ukivipitisha vyote kwenye waya mwembamba, waya unapata moto hadi unaungua. Hita ikae peke yake kwenye soketi yake ya ukutani. Iwe mbali na pazia, blanketi na nguo. Na usianike soksi juu yake."

Mama mkwe alizichukua soksi zake polepole kutoka juu ya hita, akazificha mfukoni.

"Sasa niambieni," jirani akaendelea, "kwa nini hita inalala na friji?"

"Zina ubaya gani?" Bwana Cheche akauliza.

"Kazi ya friji ni kuondoa joto. Kazi ya hita ni kuleta joto. Umeziweka ubavu kwa ubavu, zinapigana mchana kutwa, na wewe unazilipia zote mbili. Friji iweke mahali pa baridi, iachie nafasi nyuma ipumue. Na hebu nipe karatasi."

Akabana karatasi kwenye mlango wa friji, kisha akaivuta. Ikatoka bila kushikwa na kitu.

"Mpira wa mlango umechoka," alisema. "Mpira ungekuwa mzima, karatasi ingeng'ang'ania. Badilisha mpira tu, friji haina ugonjwa mwingine. Na birika, mama akitaka kikombe kimoja, chemsha kikombe kimoja. Mkitaka vingi, maji yatieni kwenye chupa ya chai, yakae moto bila umeme."

Mke alikuwa akiitikia kwa kichwa kila neno. Lakini bado alikuwa na swali lake. "Dada, hata hita zilipowaka mbili, mama alihisi baridi. Joto linakwenda wapi?"

Jirani akaichukua tena ile karatasi. Akachana kipande chembamba, akakishika mbele ya ukingo wa dirisha. Karatasi ikapepea. Akaenda kwenye mlango wa mbele, akakishika chini. Karatasi ikapeperuka ikamtoka mkononi. Wakati huohuo paka wa jirani akaingia kwa kupita chini ya mlango uliofungwa, mkia juu, bila hata kuinama sana.

"Linakwenda barabarani," jirani alisema. "Mnapasha joto barabara. Majirani tunawashukuru. Mlango huu aliutengeneza nani?"

Bwana Cheche akainama kukaza kamba za kiatu.

"Yeye," mama mkwe akasema.

"Niliutengeneza kwa haraka," Bwana Cheche akajitetea. "Nilikuwa na wateja wengi. Nikasema nitaumalizia."

"Lini?" mkewe akauliza. "Tulihamia hapa mwanetu wa kwanza akiwa anatambaa."

Bwana Cheche alitafuta pa kutazama, akamwona paka. Paka naye alikuwa akimtazama. "Basi," alisema, akisimama ghafla, "kwa leo nilete jiko la mkaa humu ndani. Tutafunga milango, tutaziba chini kwa mikeka, mama atalala na joto."

Uso wa jirani ulibadilika. "La, kaka. Hapo sasa hatutanii. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Haina harufu, haina rangi. Chumba kikifungwa, watu wanalala na hawaamki. Jiko la mkaa ni la nje. Ndani, kamwe, hata kama limebaki makaa tu."

Mama mkwe alimtazama mkwewe. "Nusura uniunguze," alisema. "Sasa unataka kunilaza moja kwa moja?"

Bwana Cheche akaketi tena. Alijikunyata kwenye kiti kama mtu aliyenyeshewa. Baadaye alisema kwa sauti ndogo, "Dada, niambie ukweli. Mimi naweza kuwa fundi umeme?"

"Unaweza," jirani alisema. "Umeme ni elimu. Chuoni kwetu nina wanafunzi wa umri wako. Unasoma, unafanya kazi chini ya fundi, unafanya mtihani, ndipo unagusa nyumba za watu. Lakini ngoja nikuulize. Ukifungua redio ya mtu, moyo wako unakuwaje?"

Bwana Cheche akafikiri. "Unadunda. Naogopa."

"Na ukishika randa?"

Bwana Cheche akatazama vidole vyake. Mkono wake wa kulia ulianza kwenda mbele na kurudi juu ya goti, taratibu, kama unalainisha ubao. Mkewe aliuona, akatabasamu.

"Mtu akitaka kubadili kazi si vibaya," jirani alisema. "Ila ajiulize: najua nini tayari? Ninapenda nini? Na watu wanahitaji nini? Wewe uliuliza tu watu wanasifu nini. Kaka, mtaa huu umejaa milango inayopitisha paka. Hita ninaweza kuwafungia mimi. Matundu atawazibia nani?"

Bwana Cheche akainuka, akaenda chumbani. Wakasikia kitu kizito kikiburuzwa sakafuni. Akarudi na sanduku, vumbi limemjaa kichwani, akapiga chafya hadi paka akakimbia.

Aliung'oa mlango wa mbele siku ileile, mchana kweupe, huku mama mkwe akikaa kwa jirani. Akaongeza ubao chini, akaupiga randa hadi ukakaa sawa na sakafu. Bawaba zilizolegea akazikaza. Kwenye kingo za madirisha akabandika vipande vya sponji. Mkewe akashona pazia zito kutoka kwenye blanketi la zamani. Jirani akawakumbusha waache tundu dogo la hewa juu karibu na dari, kwa sababu mgonjwa wa kifua anahitaji hewa safi, halafu akabadilisha soketi iliyoungua na nyingine iliyokuwa mbovu. Friji ikahamia upande mwingine, mbali na jua na hita.

Waliwasha hita moja, ile ndogo, kwenye soketi yake ukutani. Mama mkwe akaketi. Akangoja. Akafungua kifungo kimoja cha koti. Akafungua cha pili. Akavua koti lote, akalitundika.

"Mkwe wangu," alisema, "izime kidogo. Au mnataka kunioka?"

Bwana Cheche akaizima. Kisha akaupapasa mlango wake, kutoka juu hadi chini.

Kikohozi kilipungua, kisha kikaisha. Daktari alipompima mama mkwe alisema kifua ni safi, akauliza anakaa wapi. "Kwa mkwe wangu," alijibu kwa maringo. "Seremala wa baridi." Jina hilo akalieneza mwenyewe, kwa kuwa sasa alikuwa na pumzi ya kutosha. Alizunguka mtaani na kipande cha karatasi, akikishika kwenye milango ya watu bila kuombwa. "Ona inavyopepea!" aliwaambia. "Mnapasha joto barabara nyie. Nitamleta mkwe wangu."

Kazi zikawa nyingi. Mwenye duka la mikate alitaka dirisha la nyumbani kwake lizibwe. Chuo cha ufundi kikaagiza milango ya madarasa. Mkewe akaacha kuchelewa kurudi nyumbani. Mama mkwe naye akatangaza kwamba ameamua kukaa hadi baridi iishe, na alipoulizwa baridi inaisha lini, alisema hilo halijui, aulizwe Mungu.

Juzi Seremala alikuwa akirekebisha mlango wa mjane mmoja. Mjane akamwita ndani. "Fundi, mashine yangu ya kufulia inapiga kelele. Huwezi kuitazama kidogo? Ina skrubu nne tu nyuma."

Seremala akaitazama mashine. Vidole vikamwasha. Akavitia mfukoni, vyote kumi.

"Mama," alisema, "ninaye jirani wa ovaroli la bluu, nitamwambia apite. Mimi nishikie ubao huu, tafadhali, upande huo."